Pagale Nililolihesabu

Kati ya kitongoji cha juu na kitongoji cha bondeni palikuwa na pagale. Kuta za matofali ya kuchoma zilikuwa zimefika usawa wa lenta, madirisha yalikuwa matundu tu, na mpapai ulikuwa umeota mahali ambapo nadhani palikusudiwa kuwa sebule. Mwenyewe, niliambiwa, yuko Dar es Salaam, anajenga kidogo kidogo kila akipata. Siku niliyopita pale mbuzi watatu walikuwa wamejibanza ukutani wakikimbia jua.

Nililihesabu kuwa nyumba. Kwa sababu hiyo wakazi wa vitongoji viwili waligeuka kuwa watu wa mjini, na fedha za maji zikawapita.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa kwanza wa uzamili ulipoisha nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba na sikuwa na mpango wowote wa likizo. Rafiki akanipa namba ya mtu aliyekuwa anatafuta wadadisi wa mradi fulani, ambao sitautaja, wala mji wenyewe sitautaja. Mradi ulikuwa na fedha za kusaidia miji midogo ya vijijini: maji, soko, vyoo vya stendi, taa chache za barabarani. Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza, miji midogo ya vijijini, sikuona tatizo. Leo nikiyasoma naona sentensi inayogombana yenyewe kwa yenyewe. Mji gani upo kijijini, na kijiji gani ni mji?

Fedha hazikutosha kila mahali, kwa hiyo kilihitajika kigezo. Waliochora mradi walikichukua kwenye mbinu iliyoidhinishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2020, inayojaribu kuzifanya nchi zote zipime miji kwa kipimo kimoja: makazi yenye watu 5,000 au zaidi, wakiwa wamebanana kiasi cha watu 300 au zaidi kwa kilomita moja ya mraba, huanza kuhesabiwa upande wa miji. Chini ya hapo ni vijijini. Wao wakaongeza kanuni yao ya kurahisisha kazi: nyumba zisizoachana zaidi ya mita 200 zihesabiwe kuwa makazi mamoja.

Kazi yetu ilikuwa kutembea na kishikwambi, kuweka alama kila penye nyumba, kuuliza waliomo. Mimi nilipangiwa mahali kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Kitongoji cha juu kiko barabarani hasa: gesti mbili, maduka ya pembejeo, mama lishe, vijana wa bodaboda, na banda kubwa ambamo nyanya hupangwa kwenye matenga kusubiri malori. Kitongoji cha bondeni kiko chini ya mteremko, kwenye bustani zinakotoka nyanya zenyewe. Huko maji ni ya visima vilivyochimbwa kwa mkono, na kiangazi kinapokolea wanawake hulala foleni, nazungumzia kulala kwa kweli, na kanga chini, ndoo kichwani pa mtu kama mto.

Kila kitongoji peke yake kilikuwa chini ya kikomo. Vikiunganishwa vilikuwa juu yake. Kati yao palikuwa na nafasi inayozidi mita 200, isipokuwa kwamba katikati ya nafasi hiyo ndipo palipokuwa na lile pagale.

Kishikwambi kiliuliza: jengo hili ni nyumba ya makazi? Ndiyo, Hapana. Jibu la tatu halikuwepo. Mwongozo ulisema jengo lililokusudiwa kuwa makazi lihesabiwe hata kama halijakamilika. Ilikuwa saa tisa alasiri, sijala, betri imebaki asilimia 11. Nikagusa Ndiyo kwa kidole gumba nikaendelea kushuka.

Halikuwa kosa, na hilo ndilo linalonisumbua. Kama ningekuwa nimekosea ningeomba radhi yakaisha.

Miezi saba baadaye mwenyekiti wa kitongoji cha bondeni alinipigia. Nilikuwa nimemwachia namba yangu kwa adabu tu, kama tunavyowaachia watu namba ambazo hatutegemei watazitumia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba binti yangu. Hujambo? Masomo yanaendaje? Wazazi hawajambo?” Tulipitia wote, mpaka hali ya mvua. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti: “Barua imekuja kwa mtendaji. Orodha imebandikwa, sisi hatumo. Wanasema sisi ni mji. Sasa nakuuliza wewe uliyetuhesabu. Tumekuwa mji lini?”

Nilianza kumweleza habari za mita 200. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: “Lile pagale lina mlango?”

Nikasema halina.

“Haya,” akasema. “Usome vizuri, mwanangu.” Akakata simu.

Tumekuwa mji lini ni swali la kale kuliko yeye na mimi. Eubulides wa Mileto, karne ya nne kabla ya Kristo, anasifika kwa fumbo la lundo. Weka mahindi kwenye mkeka, lundo kamili. Ondoa punje moja, bado ni lundo. Ondoa nyingine, bado. Hakuna punje moja ambayo ukiiondoa lundo linakoma kuwa lundo, na hata hivyo ukiendelea utafika mahali umebaki na punje tatu na hakuna mtu atakayeziita lundo. Darasani tulilichukulia kama mchezo wa maneno. Mwalimu alicheka, nasi tukacheka, tukaenda kula chipsi. Ofisi ya wilaya haina nafasi ya kucheka namna hiyo, kwa sababu pale kila upande wa neno una bei.

Mfano unaojulikana na kila Mtanzania aliyewahi kujenga ni umeme. Mwaka 2022, mteja wa kawaida wa njia moja aliye karibu na nguzo alilipa shilingi 27,000 kuunganishiwa akiwa kijijini, na 320,960 akiwa mjini. Ni karibu mara kumi na mbili. Mahali fulani katika nchi hii kuna majirani wawili wanaopeana moto juu ya uzio wa michongoma, mmoja kijiji na mwingine mtaa, na tofauti yao ni mbuzi kadhaa. Wabunge wamelisema jambo hili bungeni mara nyingi mpaka likazaa msamiati wake: vijiji-mitaa, mitaa yenye sura ya kijiji. Napenda sana maneno hayo. Ni lugha ikikiri kwamba mstari umepita katikati ya nyumba ya mtu.

Na siyo bei tu. Katika kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, na unaweza kupata hatimiliki ya kimila. Mji unapoingia, huja na ramani za mipangomiji, viwanja, vipimo, kodi ya pango la ardhi. Mtu hajahama hata hatua moja. Shamba la mahindi aliloachiwa na baba yake limehama.

Hapo ndipo watu wengi wa rika langu husema kwamba tatizo ni kuchora mistari kienyeji, kwamba wataalamu wangekwenda uwanjani na kuona hali halisi, wangejua kipi ni kijiji kweli na kipi ni mji kweli. Mimi nilikuwa uwanjani. Nimeona hali halisi kwa macho yangu. Haikuniambia chochote.

Wala kijiji chetu hakikuwahi kuwa hali halisi tu. Bibi yangu mzaa mama alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya mwaka 1973 na 1976, pamoja na mamilioni ya wenzake. Mpaka anafariki alikuwa akitaja miti ya mahame yao mmoja mmoja kama mtu anayetaja watoto. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya vijiji, na humo mkawa na idadi: kijiji kinachotaka kuandikishwa kiwe na kaya zisizopungua 250. Kwa nini siyo 240? Kwa nini siyo 300? Mtu alikaa mezani akaandika 250, na kwa kalamu hiyo baadhi ya watu walikuwa kijiji na wengine walikuwa bado ni watu tu wanaoishi karibu karibu. Tunavyozungumza leo utadhani vijiji vyetu viliota kama uyoga na miji ndiyo iliyotengenezwa na serikali. Vyote viwili viliamuliwa.

Sababu ya kuvipendelea vijiji nayo ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na onyo ambalo watu hulisahau wanapokumbuka maadili ya viongozi: kwamba mikopo inayojenga mijini hulipwa kwa mazao ya wakulima, na tusipoangalia, unyonyaji mkubwa Tanzania utakuwa wa wakaa mjini juu ya wakulima. Kwa hiyo kuna deni. Leo theluthi moja na zaidi kidogo tu ya Watanzania waliohesabiwa mwaka 2022 wanaishi mijini, na deni halijafutika. Sitaki kuandika makala ya kusema mistari yote ni uonevu. Rafiki yangu mmoja wa falsafa husema hivyo kila tukikutana. Namwambia: una miaka 18 unapiga kura, una miaka 17 na miezi 11 hupigi, na hakuna anayekuja kulia kwako. Yeye hujibu kwamba huyo wa miezi 11 akisubiri mwezi mmoja anavuka. Ana haki katika hilo, na limenifikirisha. Mstari wa umri kila mtu huuvuka kuelekea upande uleule, na kila aliye upande wa pili aliwahi kuwa huku. Mstari wa kijiji na mji hauko hivyo. Unauvuka kwa kuongezeka, kwa kuzaa, kwa kupokea wageni, kwa mtu wa Dar es Salaam kupandisha ukuta, na ukishauvuka unanyang'anywa kitu. Mahali panaadhibiwa kwa kukua.

Lakini jambo lililo zito zaidi, nadhani, ni kwamba neno “kijijini” linabebeshwa mizigo mitatu tofauti kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni gharama: nyumba zilizotawanyika zinahitaji bomba refu na nguzo nyingi kwa kila kaya, hivyo pasipo ruzuku hazitafikiwa kamwe. Wa pili ni umaskini. Wa tatu ni lile deni la Azimio. Kwa miaka mingi mizigo hii ilisafiri pamoja, kwa hiyo mstari mmoja ulitosha. Siku hizi imeanza kuachana njiani. Pale barabarani kwenye gesti kuna mtu ana gari mbili. Chini bondeni kuna mama anayelala foleni ya maji. Ukipima gharama, wote wako karibu karibu na bomba lingekuwa rahisi. Ukipima umaskini, mama huyo yuko palepale alipokuwa kabla mimi sijapita na kishikwambi. Ukipima deni, nyanya alizolima ndizo zinazolisha Dar es Salaam. Nilimwita mtu wa mjini kwa sababu ya idadi ya majirani zake, na majirani wenyewe nusu yao hawajawahi kushuka kule.

Basi tupime umaskini moja kwa moja, tuache mambo ya kijiji na mji. Ndilo jibu la haraka, nami nililiamini kwa muda wa muhula mzima. Nchi yetu inalijua vizuri. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, ulianza kwa kuchagua maeneo, kisha jamii yenyewe ilikutana na kutaja kaya zilizo duni, kisha majibu ya dodoso yaliingizwa kwenye fomula inayokadiria hali ya kaya kwa vitu kama ukuta, paa na mali ilizo nazo. Sina ugomvi na mpango huo. Umewafikia watu ambao hakuna mstari wa ramani ungewafikia.

Ila nimewahi kushika dodoso la aina hiyo, kwenye utafiti mwingine kabisa, wa mtu aliyekuwa anaandika tasnifu. Swali mojawapo liliuliza ni siku ngapi mwezi uliopita mtu yeyote katika kaya alilala bila kula. Nilimuuliza mama mmoja mbele ya watoto wake, kwa sababu nilikuwa sijui. Akawaambia watoto waende wakaangalie kuku. Kuku hawakuwepo. Watoto walipotoka akaniuliza kwa sauti ya chini: “Nikisema nyingi, nitapata?” Nikamwambia huu ni utafiti tu, haina uhusiano. Akasema mbili. Mpaka leo sijui kama zilikuwa mbili, au kumi na mbili, au hakuna, na sijui nilistahili kujua.

Tangu siku hiyo naheshimu mstari wa kijinga. Namaanisha mstari mpana, mkavu, usiojua lolote juu yako. Shilingi 27,000 za kijijini zilimlipisha vilevile mwenye ghorofa na mwenye nyumba ya tembe, na ni kweli kwamba mwenye ghorofa hastahili. Lakini mwenye tembe hakuulizwa alikula nini. Hakuitwa kwenye mkutano atajwe kwa jina kwamba yeye ni duni. Alikwenda dirishani, akalipa, akaondoka akiwa amenyooka. Kuna haki ya kupata kwa kadiri ya shida, na kuna haki ya kutoonyesha shida yako hadharani, na kadiri unavyoitafuta ya kwanza kwa kipimo kikali zaidi ndivyo unavyoila ya pili. Sijaona anayeniambia jinsi ya kuzipata zote mbili kamili. Aristotle alisema sheria kwa kuwa inazungumza kwa ujumla lazima itapinda mahali fulani, na akataja rula ya risasi waliyotumia wajenzi wa Lesbos, inayojikunja kufuata jiwe. Mfano mzuri sana. Lakini rula hiyo lazima ilalie juu ya jiwe, na mimi sitaki kila rula ya serikali ilale juu ya mwili wa mtu ili ijue umbo lake.

Kwa hiyo kama ningeulizwa nichague, ningechagua mstari mpana, kwa masharti. Usiwe korongo. Hakuna kitu katika maumbile kinacholazimisha bei iruke mara kumi na mbili kwa hatua moja. Serikali yenyewe ililiona hilo ilipoanzisha miradi ya umeme kwa maeneo ya pembezoni mwa miji, yaani ilikiri kuna watu walio katikati. Ngazi ni ghali kuisimamia, lakini mtu akianguka ngazi moja huinuka. Hili ni jambo la wahandisi na wachumi, na wanaliweza.

Lingine haliko mikononi mwao.

Mwenyekiti alinisomea ile barua kwa simu siku nyingine, polepole, kama anayesoma risala. Ilisema: imebainika kuwa eneo tajwa lina sifa za mji. Nikamwomba arudie. Imebainika.

Nimeishi na neno hilo wiki kadhaa. Kiswahili cha ofisi kinalipenda, pamoja na ndugu zake: imeonekana, imeamuliwa, imeelekezwa. Ni vitenzi visivyo na mtu ndani. Imebainika na nani? Nilibaini mimi. Saa tisa alasiri, kwa kidole gumba. Na kabla yangu alibaini aliyeandika mita 200 akijua kwamba 250 ingeacha mahali pengi nje na 150 ingeingiza wengi kupita fedha alizo nazo. Kabla yake wapo walioketi kukubaliana 5,000. Sote tulikuwa tunaamua. Hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kitu, kama daktari anavyogundua malaria kwenye damu. Lakini barua ilipofika kwa mtendaji ilikuwa imekuwa majibu ya vipimo: pole, mna mji.

Tofauti ni kubwa. Uamuzi unaweza kuujibu. Unaweza kusema mmeamua vibaya, au mmeamua sawa lakini kwetu kuna sababu ya pekee, au tu kwamba tumeelewa, tutasubiri awamu ijayo. Ukweli huujibu, unainamisha kichwa. Barua ile iliwanyima watu wa bondeni maji, jambo ambalo pengine halikuepukika. Kisha ikawanyima mtu wa kugombana naye. Na ikawaongezea uongo mdogo juu ya wao wenyewe: kwamba maisha yao, yenye foleni ya ndoo usiku, ni maisha ya mjini, na kama wao hawalioni hilo basi hawajijui.

Nadhani hiyo ndiyo sehemu ya uonevu ambayo ilikuwa ndani ya uwezo wetu kuiacha. Ilikuwa inatosha kuandika: tumewahesabu pamoja kwa sababu ya jengo moja lililo katikati, kikomo tuliweka hapa kwa sababu fedha ziliishia hapa, aliyehesabu ni huyu.

Je, ningegusa Hapana? Nimejiuliza sana, hasa usiku. Jibu la haraka ni ndiyo, ningegusa Hapana, halina mlango, halina paa, linakaa mbuzi. Lakini orodha ilikuwa na nafasi zilizohesabiwa. Sisi tulipotoka aliingia mwingine, na niliiona hiyo orodha: aliyeshika nafasi ya mwisho ni mji mdogo wa wilaya nyingine ambao sikuwahi kuusikia. Mwenyekiti wao hajanipigia simu kwa sababu hana namba yangu. Kama ningegusa Hapana kwa huruma ya foleni niliyoiona, ningekuwa nimechukua ndoo kwa watu wa foleni nisiyoiona, nikajiita mwema. Huruma yangu ina mtandao wa simu. Inafika mahali penye namba niliyoiacha. Hilo halinifanyi nijisikie vizuri kuhusu Ndiyo. Linanifanya tu nisijivunie Hapana ambayo sikuigusa.

Mwezi uliopita nilimpigia mwenyekiti nikamwambia nataka kuja kueleza mbele ya watu. Akanyamaza kidogo. “Utatukanwa,” akasema. Nikasema najua. “Basi njoo Jumamosi, Ijumaa wako mnadani.”

Mkutano ulifanyika kwenye banda la nyanya, watu wamekaa juu ya matenga yaliyopinduliwa. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Mwenyekiti alizitazama, akanirudishia. “Sema pagale tu,” akaninong'oneza. Nikasema pagale tu. Nikasema mimi ndiye niliyelihesabu, kwa mujibu wa mwongozo, na kwamba bila hilo mngekuwa vitongoji viwili na mngekuwa mmo. Kimya. Kisha zogo kubwa, na mzee mmoja akasimama akataka kujua nalipwa shilingi ngapi kwa siku. Nikamtajia. Akaketi akitikisa kichwa, sikujua kwa kuwa ni nyingi au kidogo.

Kijana wa bodaboda akauliza kama usiku wa leo likivunjwa watarudi kuwa kijiji. Watu wakacheka. Nikasema hapana, orodha imefungwa. Wakaacha kucheka.

Halafu mama mmoja wa bondeni, amejifunga mtoto mgongoni, akauliza bila kusimama: “Hao waliopata nafasi yetu, wana shida ya maji kama sisi?”

Nikasema sijui, sijawahi kufika kwao.

“Nenda kawaone,” akasema, “halafu urudi utuambie.”

Nikatazama kwa mwenyekiti nikidhani atasema mkutano umefungwa. Alikuwa amefungua daftari lake, kalamu mkononi, anasubiri nitaje tarehe.

Nilitaja tarehe. Nauli nimeshaulizia: ni mabasi mawili na bodaboda.